Anayejua Kuwasha

Mwanangu ananiita Mama wa Sumbawanga. Mama mwenyewe, yaani mama asiye na jina la mji, ni bibi yake, mama yangu mzazi anayemlea kule Morogoro. Hakufundishwa na mtu. Alipoanza kusema alijipangia mwenyewe, na mimi nikimsikia kwenye simu akimwambia mwenzake, "Subiri kwanza, naongea na Mama wa Sumbawanga," nacheka naye, halafu nikishakata nakaa na simu mkononi sijui niiweke wapi.

Nilimpeleka kule hajaacha vizuri kunyonya. Baridi ya Ufipa haina masihara na watu wa kuja, na kifua cha mtoto kilikuwa kinakoroma kama birika. Daktari wa mjini akaniambia mpeleke kwenye joto, akikua kidogo utamrudisha. Baba yake alikuwa ameshaondoka kabla ya hapo, si kwa kufa, kwa miguu yake mwenyewe. Nikabaki mimi, chumba changu cha kupanga Katandala, na darasa langu la pili huko upande wa Mollo, ninakokwenda kila asubuhi kwa bodaboda nimejifunga shuka juu ya sweta. Watoto wa wenzangu nimewafundisha kusoma mpaka wakaweza kusoma hata maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Wa kwangu amejua kusoma mimi sipo. Bibi yake alinipigia kuniambia, kwa furaha kabisa, na mimi nilifurahi, lakini nilikasirika pia na sikujua nimkasirikie nani.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Mwalimu yeyote wa nchi hii anajua habari hizi. Ukitaka kuhama, unamtafuta mwenzako aliye kule unakotaka kwenda, ambaye naye ana sababu zake za kutaka kuja uliko wewe. Mkipatana mnajaza maombi, walimu wakuu wenu wote wawili wanayapitisha, ndipo yanapanda juu. Kuna magrupu ya simu ambayo kazi yake ni hiyo tu: nipo mahali fulani, nataka mahali fulani, aliye tayari anitafute. Nilipoandika natoka Sumbawanga naenda Morogoro, watu walinijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Mmoja aliniuliza kama huku tunalipwa kwa upepo.

Nilikaa hivyo, mwaka ukaingia mwaka ukatoka, mpaka akatokea dada mmoja. Alikuwa anafundisha pembeni ya mji wa Morogoro, ameolewa na mtoto wa wafanyabiashara wa hapahapa Sumbawanga, wale wenye duka la vitambaa na malori ya kubeba mahindi. Mkwewe alikuwa amechoka, mume akarudi kushika duka, na yeye akabaki kule na watoto. Tulipoongea mara ya kwanza sote tulikuwa tunakatizana maneno kwa haraka.

"Dada, usije ukanigeuka," akaniambia.

"Mimi nikugeuke? Wewe ndiye usinigeuke."

Mwalimu mkuu wake alipitisha ndani ya wiki hiyohiyo. Bado wangu.

Sasa katikati ya mambo hayo ndipo yalipokuja mafunzo. Shule yetu ilipewa projekta, na walimu tulikuwa na vishikwambi ambavyo wengi wetu tulivitumia kupigia picha kwenye harusi. Tukaitwa kwenye ukumbi mmoja pale Katandala, walimu wa shule kadhaa, tufundishwe namna ya kuunganisha vitu hivyo na kufundishia. Shule yetu ilipeleka watu wawili, mimi na mwalimu wa hesabu, kijana mwenye maneno matamu na viatu visafi hata wakati wa masika. Mwezeshaji alikuwa ametoka mbali na baridi ilikuwa inamtesa, anafundisha huku amevaa jaketi mbili. Mwalimu wa hesabu alinyoosha mkono mapema kabisa akauliza eti mbele ya projekta ni upande upi. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilimwonea huruma.

Asubuhi ya pili mashine ikagoma. Ukuta ulibaki wa bluu, mwezeshaji anachomoa na kuchomeka, jasho linamtoka ndani ya jaketi zake. Mimi nilikuwa najua shida ni nini. Kaka yangu alikuwa mpiga video za harusi, akizionyesha ukumbini kwa projekta, na likizo zangu za ujana nilizimaliza nikimbebea nyaya. Ningeweza kukaa kimya. Walimu wengine wote walikaa kimya, wengine wanakunywa chai. Lakini mimi siwezi kumwona mtu anahangaika na jambo ninalolijua, ni ugonjwa wa ualimu huo, nikainuka, nikashika rimoti, nikabadilisha tundu la waya inaposomea picha, na picha ikatokea. Watu wakapiga makofi. Mwezeshaji akaniomba jina na shule, akaandika. Nilirudi kukaa nimejaa, najiona mtu.

Jumatatu mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya wenzangu mstarini akanitangaza kuwa mwalimu wa teknolojia wa shule. Projekta ikawekwa kwenye kabati la chuma ofisini kwake, ufunguo mmoja akabaki nao yeye, mwingine nikapewa mimi. Tangu siku ile nikawa naitwa kila mahali. Darasa la sita wanataka kuona moyo unavyopiga, niitwe. Wageni wamekuja, niitwe. Mvua ikianza kunguruma niitwe kuchomoa waya, maana radi za huku hazichezewi, wakati waya wenyewe kuuchomoa ni kuuvuta tu. Darasa langu la pili likawa linabaki na wimbo na kiranja.

Nikaenda na ombi langu. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, niseme ukweli. Ni baba mtulivu, mkulima mzuri wa mahindi, haongei kwa kupayuka. Aliangalia ombi kwenye simu yake, akaiweka mezani kifudifudi.

"Madam, ukiondoka nani atawasha?"

"Anayekuja naye ni mwalimu, baba."

"Anajua kuwasha?"

Akaniambia nimpigie, tena niweke sauti kubwa. Yule dada akapokea kwa uchangamfu wake, akaulizwa, akacheka. "Mwalimu mkuu, nisikudanganye, hata kishikwambi changu anachezea mwanangu." Nilitamani simu iishe chaji palepale.

"Mpate mmoja humu ndani," mwalimu mkuu akasema tulipomaliza. "Aweze kama wewe. Akiniwashia mbele yangu na mbele ya afisa elimu kata, siku hiyohiyo napitisha. Kabla ya hapo hapana, Madam. Siwezi kubaki na boksi kabatini."

Yule dada naye aliniambia wazi kwamba kuna mwalimu mwingine, wa mjini kabisa, karibu na duka la mumewe, anayetaka kwenda Morogoro. Angenisubiri mpaka shule zifungwe mwezi wa kumi na mbili. Sikumlaumu, hata mimi ningefanya vilevile.

Nikazunguka ofisi ya walimu kama anayetafuta wanakwaya. Walimu wa kujitolea, vijana wenye vidole vyepesi kwenye simu, hawakabidhiwi mali ya shule. Mwalimu wa hesabu akaniambia mashine zinamuumiza macho. Mwingine alisema ana presha. Mwingine akasema yeye Mungu alimpa chaki. Nilikuwa nawatazama najiuliza hawa watu walipataje vyeti. Aliyekubali alikuwa mama wa darasa la kwanza, ambaye sikuwa hata nimepanga kumwuliza.

Mama huyu ni Mfipa wa palepale, wa kanisani kila Jumapili na shambani kila Jumamosi, mikono yake ina nyufa za ulezi na chaki. Anafundisha darasa la kwanza tangu mimi mwenyewe nikiwa darasa la kwanza huko kwetu. Bado alikuwa na miaka yake ya kazi mbele, haikuwa ya kwamba anastaafu kesho.

"Shikamoo mama. Kweli utaweza?"

"Marahaba mwanangu. Nitaweza nini mimi? Wewe nifundishe, tutaona huko mbele."

Tulikuwa tunabaki watoto wakitoka. Tunatundika shuka zangu na vitenge vyake madirishani kupata giza, yeye anatoa kande kwenye kibakuli, tunakula, tunaanza. Siku ya kwanza aliiwasha projekta bila kutoa kifuniko cha lenzi akabaki anaungoja ukuta. Halafu akashika rimoti kichwa chini. Halafu akachomeka waya wa sauti mahali pa chaji, akaulaani kwa Kifipa. Nilipoteza subira, nikamnyang'anya waya, akaniangalia tu, akasema, "Hivyo ndivyo unavyowafanya watoto wa watu?" Nikamrudishia.

Alijifunza taratibu lakini akishika kitu hakimtoki. Nilikuwa nimepata video ya irabu, zile a, e, i, o, u, zimechorwa na macho na miguu, zinaimba na kurukaruka. Jioni alipoiunganisha yote mwenyewe mimi nimekaa nyuma sijagusa kitu, herufi zikatoka kuimba juu ya ukuta wetu uliochubuka, yule mama akachuchumaa palepale chini, akapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama wanawake wa huku wanavyomsalimia mtu mkubwa. Alizisalimia irabu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na usiku ule nilimwambia mwanangu kwenye simu kwamba mwaka ujao nitamsuka mwenyewe.

"Nywele zote?" akauliza.

"Zote."

Siku ya kujaribiwa ilikuja mwishoni mwa Novemba. Afisa elimu kata akakaa kwenye dawati la mbele, magoti juu. Mwalimu mkuu akasimama ukutani. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamebanana, wamenyamaza vizuri ajabu. Umeme ulikuwepo. Nilikuwa nimemwomba Mungu juu ya umeme tu, sikufikiria kuomba juu ya kitu kingine.

Mama akawasha, hakutoa kifuniko, akaungoja ukuta. Nilidhani ni woga, nikamkonyeza. Akatoa kifuniko, akashika rimoti kichwa chini. Halafu akauchukua waya wa sauti, akautazama kidogo, akaupeleka mahali pa chaji. Ndipo nikaelewa. Mtu mwenye woga anakosea ovyo ovyo. Huyu alikuwa anarudia makosa ya siku ya kwanza, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule, kama mwalimu anayefuata azimio la kazi.

"Imekataa, wazee wangu," akasema, akaweka rimoti mezani, akafuta mikono kwenye kitenge.

Afisa elimu kata akasema pole mama, umri nao. Mwalimu mkuu akanitazama mimi. "Madam, hebu tuwashie." Watoto wote wakageuka kunitazama. Nikainuka, nikawasha.

Nilimkuta kwenye veranda ya nyuma, wengine wamekwenda kunywa chai. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima yeyote, kwamba ameniua, kwamba anajua kabisa nina mtoto, kwamba juzi tu aliwasha yote peke yake na irabu zikaimba. Hakubisha hata kidogo. Alisubiri nikamaliza.

"Mwanangu, ningewasha ningebaki," akasema. "Mzee wangu alianguka mwaka juzi. Upande mmoja haufanyi kazi. Nikiwa huku anageuzwa na jirani, jirani asipokuwepo analala vilevile mpaka nirudi. Kijijini kwangu wamefungua shule shikizi, ile ya madarasa ya watoto wadogo tu, wanataka mwalimu wa darasa la kwanza. Ni kuvuka shamba tu. Mkuu kanikubalia kuanzia Januari, ila akasema mwenye jukumu maalumu hapa haondoki."

"Sasa kwa nini ulikubali nikufundishe?"

Hapo aliona aibu kidogo. "Nilitaka kujua. Nimewafundisha watoto hizo irabu tangu sijaolewa, nikasikia wewe unaziimbisha ukutani. Ningekuambia mapema, ungeacha kunifundisha."

Ningeacha, ni kweli. Hasira bado ninayo lakini sina pa kuipeleka.

"Na usifikiri ni mimi tu," akaendelea, sauti ikiwa chini. "Yule wa hesabu ana kibanda umiza pale nyuma ya mashine ya kusaga. Anaonyesha mpira kila Jumamosi kwa projekta kubwa kuliko hii yenu. Wote wanajua, mwanangu. Mtu akishakaa kazini anajifunza kutojua."

Halafu akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima yule, akanipigia makofi yale ya taratibu. Sikuweza kuvumilia kumwona chini. Nilimwinua kwa mabega, nikaenda zangu moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na njiani nilikuwa nimeshaamua kumchoma mwalimu wa hesabu. Simung'unyi maneno. Niliona afadhali yeye abaki na ufunguo kuliko mimi, yeye ana nyumba hapa, ana mke hapa, kubaki kwake ni kukaa nyumbani.

Nikamweleza yote ya kibanda. Mwalimu mkuu akanisikiliza, akafungua kabati la chuma, akairudisha projekta mahali pake, akafunga.

"Najua," akasema. "Mimi mwenyewe mpira naangalia pale."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nikimpa yule ufunguo, Jumamosi ya kwanza hii iko kibandani. Mwingine ana shemeji fundi, ataifungua aone ndani. Mwingine ana watoto wakubwa nyumbani. Wewe, Madam, uko peke yako hapa. Huna pa kuipeleka."

Alisema kwa upole, kama anayenisifia. Nadhani alikuwa ananisifia kweli. Mimi nilisimama pale na ufunguo wangu mfukoni, nikajiona nilivyo machoni pa shule ile: chumba kimoja, kitanda kimoja, mtoto mbali, mume hayupo. Mambo yote niliyokuwa nayalilia ndiyo yaliyonifanya nifae. Niliomba ruhusa nikatoka, maana sikutaka anione nikilia ofisini kwake.

Shule zilipofungwa yule dada alibadilishana na mwalimu wa mjini. Alinipigia mwenyewe, akaomba radhi mpaka nikaanza mimi kumbembeleza. Siku hizi nikipita mjini namwona dukani kwa mkwewe, anaviringisha vitambaa baada ya kazi, watoto wake wanafanya mazoezi ya shule juu ya kaunta. Ananiita niingie ninywe chai. Kuna siku naingia, kuna siku navuka barabara najifanya sijamwona.

Mama wa darasa la kwanza yuko shikizi. Huko hakuna umeme. Nasikia amechora irabu kwenye magunia, amezitia macho na miguu, na watoto wanaruka nazo uwanjani. Alinitumia debe la ulezi kwa mtu wa bodaboda. Bado nina hasira naye, na ulezi wake nimeupikia uji nikanywa.

Mimi nimebaki na ufunguo. Likizo nilikwenda Morogoro, nikamsuka mwanangu nywele zote kama nilivyoahidi, nikarudi. Mwezi wa pili alinipigia akiwa na habari. Shule yao nayo imeletewa mashine ya ukutani. Namwelewa anavyoongea akiwa na habari, anameza mate katikati ya maneno.

"Ni kama yako ile uliyonionyesha picha," akasema. "Mwalimu ikamshinda. Akauliza darasa zima, nani amewahi kuona inavyowashwa."

"Na wewe ulishanyoosha mkono," nikasema, nikiwa natabasamu peke yangu chumbani. Likizo nilikuwa nimemwelekeza yote, kifuniko, waya, rimoti, kwa kuchora chini mchangani.

"Hapana. Nilisema sijui."

"Kwa nini, mama? Si unajua?"

Nilisikia bibi yake anasonga kitu jikoni, mwiko unagonga sufuria.

"Bibi alimwambia jirani wewe huji kwa sababu unajua kuwasha."

Nilimwambia hapana, si hivyo, kesho mwalimu akiuliza tena nyoosha mkono, mtu anayejua ananyoosha mkono. Nilimwambia kwa sauti yangu ya darasani, ile ninayoitumia siku zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wageni.

"Nikinyoosha," akauliza, "na mimi wataniweka huko Sumbawanga?"